Darasa la Macho Yaliyofumbwa

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, kwenye baraza ya nyumba ya daktari mmoja wa serikali mjini Kampala, vijana kadhaa walikuwa wakikusanyika kujifunza kuchora. Karatasi zilikuwapo, rangi zilikuwapo, brashi zilikuwapo. Kilichokosekana ni kile ambacho mtu angekitarajia kwanza katika darasa la sanaa, nacho ni picha ya kutazama. Mwalimu wao, Margaret Trowell, mke wa daktari huyo, hakuwawekea mbele kazi za mabwana mashuhuri wa Ulaya ili wazinakili. Aliwataka wafumbe macho, kisha akawasimulia. Pengine kilikuwa kisa cha Biblia, pengine jambo la kila siku la kijijini. Msimulizi alieleza nani yuko wapi, wanafanya nini, na mahali penyewe panaonekanaje. Maneno yalipokwisha, vijana walifumbua macho na kuchora kile walichokiona ndani.

Kwa watu wa mwambao, waliolelewa katika mashairi, njia hii haina ugeni mkubwa. Tenzi za vita vya Mtume zilighaniwa usiku mbele ya watu ambao hawajapata kuiona Badri wala Uhudi, na bado waliliona vumbi la farasi. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir humwingiza msikilizaji katika majumba ya Pate yaliyokwisha kuanguka, ikamwonyesha vidaka vilivyowahi kupambwa kwa kaure na ambavyo sasa ndege wamevifanya viota. Hiyo nayo ni namna ya kuitazama sanaa, maana kazi ya fundi wa chokaa inapimwa na mshairi baada ya kazi yenyewe kuharibika, na msikilizaji aliyeko mbali na Pate anashirikishwa katika kupima huko. Pwani hii sikio limekuwa mlango wa jicho tangu zamani. Lakini njia ya Bi. Trowell haikutoka Pate wala Mombasa. Ilitoka Dudley.

Dudley ni mji wa viwanda katikati ya Uingereza, mji wa makaa na chuma. Mwaka 1912 mwalimu kijana, Marion Richardson, alianza kazi katika shule ya wasichana ya hapo. Zama zile somo la kuchora katika shule nyingi za Kiingereza lilikuwa somo la kunakili: mtoto huwekewa umbo la mbao, jani au kombe la baharini, akahesabiwa hodari kadiri mstari wake ulivyolifuata lile lililo mezani. Richardson alikuwa amesomea Birmingham chini ya Robert Catterson Smith, mkuu wa chuo cha sanaa cha mji huo, ambaye alibuni zoezi la ajabu kidogo. Wanafunzi walionyeshwa picha iliyotupwa ukutani kwa taa, kisha picha ikaondolewa, nao wakachora kwa kumbukumbu, macho wameyafumba. Nia yake ilikuwa kuinoa kumbukumbu. Richardson akaenda mbele hatua moja ambayo mwalimu wake hakuifikia. Akaiondoa ile picha ya mwanzo pia, mahali pake akaweka maneno. Aliwaeleza wasichana wa Dudley mitaa yao wenyewe na maduka yao, nao wakaiona mitaa hiyo upya wakiwa wamekaa kimya gizani mwa kope zao. Baada ya kuchora, hawakungoja alama ya mwalimu. Walizitazama kazi zao na za wenzao, wakasema ipi imefika na ipi haikufika, na kwa nini.

Mwaka 1917 Richardson alikwenda London, akazionyesha kazi za wanafunzi wake kwa Roger Fry, aliyekuwa akiandaa maonyesho ya michoro ya watoto. Fry hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyewaletea Waingereza mwaka 1910 maonyesho ya wachoraji wapya wa Ufaransa, na watu wakamcheka. Katika karatasi za Dudley aliona kile alichokuwa akikitafuta kwa wakubwa asikipate, yaani mchoro usioomba ruhusa kwa mchoro mwingine. Akazitundika. Kuanzia hapo jina la Richardson likaenea, na katika miaka ya 1920 akawa anawafundisha walimu wa London. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Margaret Trowell, ambaye kwanza alikuwa amesomea uchoraji katika chuo cha Slade.

Yafaa kukaa kidogo kwa Fry, kwa sababu neno lake moja linaihusu Afrika moja kwa moja. Mwaka 1920 aliandika makala juu ya vinyago vya Kiafrika vilivyokuwa vimeonyeshwa London. Alivisifu sifa kubwa. Alikiri kwamba baadhi yake vilizidi chochote ambacho Waingereza wenyewe waliwahi kukichonga. Kisha akauliza: ikiwa watu hawa wana kipaji kikubwa namna hii, mbona hawakujenga, kwa maoni yake, ustaarabu mkubwa? Jibu alilolitoa ni kwamba Mwafrika hakupungukiwa na nguvu ya kuumba. Alipungukiwa na hakimu. Hakuwa na akili ya kulinganisha, kupanga na kuhukumu, wala hadhira yenye kumdai msanii hesabu.

Sifa ya aina hii ina mwiba. Inampa mtu mikono na kumnyima ulimi. Lau Fry angalijua lugha moja tu ya pwani, angalijiona amepotea mbali. Karibu karne nzima kabla ya makala yake, Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa akitupiana beti na wapinzani wake, na ada ya malumbano hayo ilikuwa kwamba anayejibu huyapima maneno ya mwenzake neno kwa neno, aghalabu akishika vina vile vile, mbele ya watu wanaojua ni wapi mizani imepungua. Hakimu alikuwapo. Alikuwa amekaa barazani, na hakuhitaji kuandika makala. Hata huko bara, walikochongwa wale vinyago, hakuna fundi aliyefanya kazi bila ya wazee waliojua kusema hiki kimekataa na hiki kimekubali. Ila Fry alikuwa amesimama mbele ya vitu vilivyoletwa bila ya watu wake, na vitu peke yake havikumweleza waliohukumu.

Lakini tuhuma ile ilibaki hewani, na ndiyo iliyolifuata darasa la Kampala bila ya kutajwa. Kumfundisha kijana kutengeneza ni jambo moja. Kumfundisha kutazama kazi ya mwingine, kuilinganisha na nyingine, kuikubali au kuikataa kwa hoja, ni jambo la pili. Historia ya shule ya sanaa ya Makerere, ukiisoma vizuri, ni historia ya lile la pili kuchelewa kuliko la kwanza.

Trowell alifika Kenya pamoja na mumewe mwaka 1929, wakakaa katika nchi ya Wakamba, ambako alitazama kwa makini kazi za mikono za wenyeji. Mwaka 1935 wakahamia Uganda. Shule yake huhesabiwa kuanza mwaka 1937, ingawa mwanzoni Makerere haikuipa uzito mkubwa. Sanaa lilikuwa jambo la saa za ziada kwa vijana waliokuja kusomea udaktari, ualimu na kilimo. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi zilionyeshwa Namirembe, na mwaka 1939 zikapelekwa London, kwenye jumba la Imperial Institute. Kwa darasa lililoanza barazani, huo ulikuwa mwendo wa kasi.

Hofu kubwa ya mwalimu huyu ilikuwa kunakili. Aliziona picha zilizokuwa zikiingia nchini kwa njia ya misheni na maduka, za kalenda, vitabu vya dini na matangazo, akaona jinsi mtoto mwenye kipaji anavyoweza kuitoa akili yake yote ili tu afanane na karatasi iliyochapishwa ovyo. Dawa aliyoiona ni kuufunga mlango huo kwanza. Picha za Ulaya zikae nje mpaka kijana apate sauti yake. Ndiyo maana hadithi, ndiyo maana macho yaliyofumbwa. Haikuwa dharau. Mtu aliyewadharau wanafunzi wake asingetumia zaidi ya miaka 20 kuigombania idara ambayo wakubwa wa chuo waliiona ni ya mchezo.

Na bado, mlango uliofungwa ni mlango uliofungwa. Trowell mwenyewe alikwisha kuyaona mabwana wa Italia na wa Ufaransa, kisha akaamua nini cha kuchukua na nini cha kuacha. Wanafunzi wake waliamuliwa. Ndani ya hadithi alizowasimulia walikuwa huru kabisa, maana hakuna mtu awezaye kuingia nyuma ya kope za mwingine akaisahihisha picha iliyoko huko. Nje ya hadithi, lakini, ni yeye aliyeshika ufunguo wa kabati. Nani amemkosea nani hapa si rahisi kusema. Kijana wa mwaka 1938 aliyepewa picha mbaya anakili hakupewa uhuru pia.

Mahali ambapo darasa lilifumbua macho kweli kweli ni kwenye vitu vya nyumbani. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yalihamishiwa Makerere katika miaka ya 1940 na kuwekwa chini ya uangalizi wa Trowell. Basi wanafunzi wakawa wanasoma miongoni mwa vyungu, vikapu, ngoma, ngao, vitambaa vya magome na vibuyu vya maziwa. Kazi ya kuvikusanya na kuvieleza ilizaa kitabu kikubwa juu ya ufundi wa makabila ya Uganda, alichokitoa mwaka 1953 pamoja na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyekuwa ameshika usimamizi wa makumbusho hayo. Kwa mara ya kwanza kikapu alichokisuka mama wa mtu kiliwekwa mezani chuoni na kutazamwa kwa adabu: ukindu umepita vipi, nakshi imeanzia wapi, kwa nini mkono wa fundi umegeuka hapa na si pale. Hili ni somo ambalo hata leo shule nyingi za Afrika Mashariki hazijalifikia.

Lakini hapa nako Kiingereza kiliingiza mtego wake. Lugha hiyo ina neno moja kwa kikapu na neno jingine kwa picha, na lile la pili limekaa kiti cha juu. Kitabu cha vikapu kikaitwa cha ufundi, na maonyesho ya picha yakaitwa ya sanaa. Kiswahili hakikuwa na ugomvi huo. Sanaa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kule kutengeneza kwa ustadi, na seremala, mshairi, mfua fedha na mtia nakshi wote wamo. (Siku hizi neno “usanii” limepata maana ya ulaghai katika vinywa vya watu wa bara na visiwani, na pengine hata hilo linashuhudia kwamba ustadi wa kutengeneza ndio uliokuwa kiini chake.) Laiti somo la Makerere lingalifundishwa kwa Kiswahili, mwalimu angalilazimika kutafuta njia nyingine ya kukitenga kikapu na picha, na pengine angalikata tamaa, ikawa kheri.

Pwani, kwa upande wake, haikuonekana sana katika darasa hilo, ingawa Makerere ilikuwa chuo cha Afrika Mashariki nzima na vijana wa Unguja na Mombasa walikwenda kusoma huko. Ni hasara kwa pande zote mbili. Mlango wa Mji Mkongwe hautazamwi kwa jicho tu. Juu ya kizingiti mara nyingi pana maandishi, huenda ni aya, huenda ni mwaka wa Hijra, na anayepita husoma na kutazama kwa wakati mmoja. Kanga vivyo hivyo: pindo, mji na jina huvaliwa pamoja, na mwanamke anayechagua kanga dukani anahakiki rangi, nakshi na methali kwa pamoja, tena kwa ukali ambao Roger Fry angaliustaajabia. Mtoto aliyelelewa humo huingia darasani akiwa amekwisha kujua kwamba picha na neno ni ndugu. Trowell aliligundua jambo hilo kwa kupitia Dudley. Hapa lilikuwa limetundikwa kambani likikauka.

Majibu yenyewe yalitoka kwa wanafunzi. Gregory Maloba, aliyezaliwa mwaka 1922 magharibi mwa Kenya, alishika uchongaji, akasoma, akabaki kufundisha. Kazi yake inayojulikana na watu wengi zaidi ni mnara wa uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Umbo refu limefungwa mikanda, na juu yake mtoto ameinuliwa akinyoosha mikono angani. Maelfu hupita hapo kila siku bila ya kujua jina la aliyeutengeneza, nao wote wanaielewa kazi hiyo bila ya mwalimu.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, alipewa kazi ngumu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha tano za ukutani katika kanisa la Murang'a, mji uliokuwa ukiitwa Fort Hall, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa katika vita vya Mau Mau. Damu ilikuwa haijakauka katika nyumba za watu. Njau alichora kuzaliwa kwa Kristo, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba, na yote akayaweka katika milima, mito na migomba ya watu wale wale waliokuwa wakiingia kusali. Kristo wake ni Mwafrika. Hapa ndipo zoezi la macho yaliyofumbwa linapoonekana limefanya kazi yake yote. Kisa kimesikiwa, na kilichoonekana ndani hakikuwa kalenda ya misheni bali ni bonde la nyuma ya nyumba. Waumini walioinua macho kutoka kwenye viti vyao walikuwa wakitazama nchi yao na msiba wao, katika mji ambamo watu wa pande mbili za vita walikuwa bado majirani.

Mwaka 1958 Trowell alistaafu na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd. Mambo yakageuka. Todd hakuona sababu ya kumlinda kijana wa Kampala dhidi ya dunia. Alitaka wanafunzi wake wafundishwe historia ya sanaa kama wanavyofundishwa wenzao popote, waijue Misri ya kale, Ugiriki, Italia, na wachoraji wa karne ya ishirini, na wahitimu kwa kipimo cha vyuo vikuu vingine. Wapo waliolalamika kwamba ameileta Ulaya na kuifungulia mlango wote kwa mara moja. Lalamiko lina ukweli ndani yake, maana katika historia ya namna hiyo Afrika huingia ama mwanzoni, kwenye piramidi, ama mwishoni, pale wachoraji wa Paris walipouona uso wa kinyago. Kati ya hapo ni kimya cha miaka elfu kadhaa. Lakini Todd alitoa kile ambacho Trowell alikiahirisha, navyo ni vitu vya kulinganisha. Pasipo viwili hapana kulinganisha, na pasipo kulinganisha hakimu hana kazi.

Kutoka katika miaka hiyo walitokea watu kama Theresa Musoke, miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuhitimu hapo, aliyeacha mchoro mkubwa wa ukutani katika bweni la wasichana la Mary Stuart. Na zaidi ya picha, yalitokea mazungumzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilitoka jarida la sanaa za kuonekana la Afrika Mashariki lililoitwa Roho. Neno lilichaguliwa kutoka Kiswahili, si kutoka Kilatini. Mwaka 1965 Njau na wenzake walifungua nyumba ya sanaa Nairobi, wakaiita Paa ya Paa. Mpenzi wa mashairi ataliona jina hilo mara moja: ndani yake mnyama na kitendo vimekutana katika sauti moja, paa anayepaa, na hapo hapo paa la nyumba linanyemelea. Jumba hilo liliungua moto mwishoni mwa miaka ya 1990 na kazi nyingi zikapotea, lakini kwa miaka 30 na zaidi lilikuwa mahali ambapo watu walikaa mbele ya picha na kubishana. Njau hakuacha kuwaambia vijana kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Hofu ile ile ya Trowell, lakini sasa imetoka katika kinywa cha aliyeyaona yote na kuchagua.

Tofauti hiyo, baina ya kutoonyeshwa na kuchagua, haionekani kwa uwazi kwa mtu yeyote kama inavyoonekana kwa Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akaingia Makerere katika miaka ya 1940, na alipomaliza akabaki kufundisha. Alichora mambo ya nyumbani: watu wanajenga, wanalima, wanakata majani, wanakwenda arusini. Watu wake ni wadogo, wengi, wametazamwa kwa mbali, na nyuso zao hazina alama. Migomba ni mirefu kuliko inavyohitaji kuwa. Kivuli hakifuati sheria, na mlima uko pale ambapo moyo unauweka. Katika miaka ya 1950 alipelekwa London, katika chuo kile kile cha Slade alichosoma Trowell. Chuo hicho kilisifika kwa kufundisha kuchora mwili wa mtu kwa usahihi, kipimo kwa kipimo, mbele ya mtu aliyekaa uchi hatikisiki. Majumba ya sanaa ya London yalikuwa wazi kwake. Kabati lote, kwa maneno mengine, lilikuwa wazi.

Ntiro aliona, akarudi Makerere, akaendelea kuchora kama alivyokuwa akichora. Wapo waliosikitika. Walisema Slade haikumfaa kitu, kwamba ni mchoraji aliyekataa kukua, na wengine wakamlaumu Trowell kwa kumfungia macho mapema mno. Mtazamo huo unasahau kwamba mtu anaweza kusoma somo lote akalielewa na kulikataa. Anayeijua mizani ya shairi la kigeni halazimiki kuitungia. Ntiro alikwisha kujua nini anataka kionekane: si uso wa mtu mmoja bali mwendo wa watu pamoja, jinsi kazi au furaha inavyowapanga katika mstari chini ya miti. Kwa shabaha hiyo uso wenye makunyanzi na macho yanayong'aa ungekuwa kelele. Hilo ni amri ya hakimu, tena hakimu aliyesikiliza pande zote mbili.

Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Mwaka 1960 Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York yaliinunua. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata uhuru na Ntiro akarudi London, safari hii akiwa balozi wa nchi yake, kazi aliyoishika hadi mwaka 1964. Baadaye aliongoza shughuli za utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hadi alipofariki mwaka 1993. Picha ile imebaki New York. Jina lake ni refu, nusu yake ni hadithi: wanaume, pombe, bibi arusi, usiku. Mtu asiyejua Machame husoma kibandiko kwanza, kisha huinua macho.